Betri Tatu na Mshona Magodoro

3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo haijakauka tangu nishuke kwenye gari. Mkaza-mjomba naye namwamkia. Mwambie lile sweta alilonilazimisha kulibeba nimelivaa siku zote tangu nifike, na sitaki kusikia akicheka. Goti lake vipi? Na wateja wako wa picha za pasipoti, bado wanakubishia kwamba hawafanani na picha zao?

Simu huku haishiki, mafuriko yaliangusha minara. Dereva wa lori la unga anashuka mjini kila baada ya wiki mbili, ndiye posta yetu. Kwa hiyo usihesabu siku, utaugua bure.

Kazi yenyewe ni hii. Waliokimbia maji wametawanyika kwenye kambi kumi na moja. Mume yuko huku, mke yuko kule, na kila mmoja anadhani mwenzake amekufa. Mimi nawapiga picha, karani wetu anaandika jina na namba, halafu picha zinachapishwa mjini na kubandikwa kwenye mbao za kambi zote. Mtu anapita, anaangalia sura, anakuta ya mtu wake. Juzi kinyozi mmoja alimwona mkewe ubaoni. Alikaa chini palepale kwenye tope, akacheka kama mtu anayetekenywa, tukashindwa kumwinua.

Sasa shida yangu. Nimekuja na betri tatu. Chaja yangu ina pini bapa, soketi za huku zina matundu ya duara. Adapta niliyonunua uwanja wa ndege inacheza kama jino la mtoto, lazima niishike kwa mkono ndipo taa iwake. Umeme wenyewe ni wa jenereta, saa mbili tu kwa siku, na soketi ni nne kwa watu kumi na tisa. Daktari ana friji la dawa, karani ana kompyuta, na kila mtu ana simu ambayo haishiki lakini anataka ijae chaji. Betri moja inanipa picha kama mia mbili. Foleni yangu ni watu mia nne kwa siku.

Wewe ulizunguka nchi za watu na kamera kabla sijazaliwa. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Kiroboto

*

21 Machi

Mpwa wangu Kiroboto,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nadhani dereva wenu aliifanya kisahani. Sisi tupo. Goti la mkaza-mjomba wako linatabiri mvua kuliko redio. Jana mteja alirudisha pasipoti akasema nimemzeesha. Nikamwambia mimi nimechelewa tu, miaka ilitangulia.

Tuje kwenye betri. Kwanza, geuza chaja usome maandishi madogo mgongoni. Ukiona mia moja mpaka mia mbili na arobaini, umeme wa huko hautaiunguza, tatizo ni umbo la pini tu. Adapta inayocheza ni hatari, inatoa cheche. Tafuta fundi akukatie waya na kukuwekea plagi ya huko moja kwa moja.

Pili, fanya urafiki na mtu wa jenereta. Usimwombe kitu siku ya kwanza. Mpige picha yeye na mashine yake, ukishampa picha hiyo, soketi itakuja yenyewe.

Tatu, zima skrini. Najua mnapenda kutazama kila picha mkishaipiga, lakini kile kioo ndicho kinachokula chaji. Piga, amini, endelea. Asubuhi za baridi betri zikae kifuani ndani ya sweta, baridi inazinyonya. Iliyojaa ifunge uzi mwekundu. Midomo yake ya shaba izibe kwa utepe wa gundi na usizichanganye na funguo mfukoni, zitapata moto. Siku ya kurudi, zibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

La mwisho ndilo kubwa. Ile ya tatu usiiguse. Ihesabu kuwa ni ya mtu ambaye bado hajafika kwenye foleni.

Kula vizuri. Mkaza-mjomba anauliza kama sweta linabana.

Mjomba wako

*

16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sweta halibani, linazidi kupwaya, na sipendi mnachofikiria mkisoma hivyo. Chakula kipo.

Fundi wa jenereta sasa ni rafiki yangu. Nilimpiga akiwa ameegemea mashine kama mtu na ng'ombe wake aliyeshinda tuzo. Amenikatia waya, ameweka plagi mpya, na soketi ya pembeni ni yangu. Wiki mbili zilizopita umeme wa jenereta ulizidi ghafla ukaunguza redio ya daktari, chaja yangu ikapona kwa kuwa fundi aliichomoa kwanza. Mchana nachaji kwenye gari la dereva injini ikiwa inawaka. Kuna na paneli ya sola, ila mawingu hapa hayatembei.

Kambi ya pili nimeimaliza, niko ya tatu. Sitaki kukaa mahali. Nikikaa nasikia mikono inawasha. Karani anasema nimeanza kutembea hata nikiwa nimekaa.

Watu ni wa kila aina. Kuna wanaonyoosha kola kana kwamba wanakwenda kuomba kazi. Wengine wanageuza uso, hawapendi kabisa kupigwa picha, kama ulivyoniambia kuhusu mama. Nikiwaona hao huwa namfikiria, nikijaribu kumwekea sura.

Kilometa moja kutoka kambini maji bado yamesimama, mapaa ya nyumba yametokeza, na ndege weupe wamekaa juu yake mistari kwa mistari. Nimepata picha nzuri pale, mjomba. Nzuri sana.

Nina swali. Ulishawahi kuishiwa chaji mtu akiwa ameshakaa kwenye kiti? Ulimwambia nini?

Kiroboto

*

5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Pazia la studio, lile lenye maporomoko ya maji, limechanika, na mkaza-mjomba wako analishona kwa uzi wa rangi nyingine, kwa hiyo sasa maporomoko yana mkondo wa kahawia katikati. Wateja wanasema limekuwa la kweli zaidi. Binti wa jirani wa bucha amepata kazi ya ualimu. Paka amezaa kwenye sanduku la fremu.

Kuhusu sola, usiilaze chini, iegemeze kwenye kitu ielekee jua, na uifute vumbi. Hata siku ya mawingu inaingiza kidogo kidogo. Na betri usiisubiri ife kabisa ndipo uichaji, inachoka mapema.

Swali lako la mwisho nimelisoma.

Pumzika, Kiroboto. Umeandika mara mbili kwamba picha za wale ndege ni nzuri, na sijakusikia ukisifu kazi yako tangu uanze kushika kamera. Kuna nini?

Mjomba wako

(Mkaza-mjomba hapa. Goti langu lisikusumbue. Mjomba wako aliisoma barua yako dukani, akarudi nyumbani kabla ya saa nane, akasema hana wateja. Nilipopita pale kulikuwa na watu watatu mlangoni.)

*

27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mkaza-mjomba nashukuru kwa mistari yake.

Nitasema moja kwa moja, maana nimeanza barua hii mara nne.

Tarehe nane Aprili foleni iliisha mapema. Saa tisa alasiri nilikuwa nimemaliza betri mbili, nikabaki na ile ya tatu, yenye uzi mwekundu. Nikaenda kwenye yale mapaa. Nilijiambia picha kumi tu. Mwanga ulikuwa mzuri, ndege wakaruka, nikapiga mpaka kamera ikazima mkononi mwangu. Nilikuwa nawaza maonyesho, mjomba. Nilikuwa nawaza jina langu ukutani.

Niliporudi, mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha kupigia picha. Wa makamo, mwembamba, na bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Alikuwa ametembea siku mbili. Amejifuta uso, amekaa wima, yuko tayari. Nikamwambia, "Betri imekwisha, mama. Njoo kesho asubuhi."

Akasema, "Haya, kesho," akainuka.

Usiku ule jenereta halikuwashwa, kwa hiyo kesho yake nilipanda gari la dereva alfajiri kwenda kuchaji betri zote mjini. Nilirudi jioni. Karani akaniambia kulikuwa na mama aliyekaa mbele ya hema langu tangu asubuhi, na saa sita malori ya kuhamisha watu yakaja, wakampakia. Kwenda kambi gani, hajui. Na kwa sababu hakupigwa picha, hakupewa namba. Karani anaandika wenye picha tu.

Siku nne baadaye akaja mwanamke mwingine. Ana uso uleule, ila mzee zaidi. Akapita ubaoni mara tatu, akanijia. "Namtafuta mdogo wangu. Ni mshona magodoro. Bega lake moja limeshuka kwa kubeba sufi tangu utotoni. Umempiga?"

Nikamwambia sijamwona.

Karani alikuwa pembeni yangu. Alinyanyua macho, akayarudisha kwenye daftari. Yule dada akatuachia anuani ya kijiji alikohifadhiwa, akaondoka. Alitembea polepole, kama mtu ambaye amekwisha kujibiwa.

Sasa nimebadilisha kambi tatu ndani ya wiki sita na kila mahali nasikia nikisema "sijamwona." Wewe hukujibu swali langu. Nilikuuliza kwa sababu nilitaka uniambie kwamba hutokea kwa kila mpiga picha.

Kiroboto

*

14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo.

Hutokea. Kwangu ilitokea, lakini si kama kwako, maana betri yako ilikuwa imekwisha kweli.

Ulikuwa na miaka minne. Mama yako alikuja studio asubuhi, amekushika mkono, siku aliyokuwa anakwenda kulazwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na taa yangu ya flashi ilikuwa inatumia betri. Akasema, "Kaka, nipige na mwanangu, haraka, kabla sijaenda."

Nilikuwa na betri. Zilikuwa kabatini nyuma yangu. Mchana nilikuwa na harusi ya watu wakubwa, nikahofia zitaniishia mbele yao. Nikamwambia, "Flashi haina betri. Njoo ukitoka hospitali." Hata mwanga wa mlangoni ungetosha. Sikutaka kuhamisha kiti.

Akasema haya. Hospitali hakutoka.

Ulipofika miaka tisa ukaniuliza kwa nini hakuna picha yake ya ukubwani. Nikakuambia hakupenda kupigwa picha. Lilinitoka tu, na kwa kuwa ulilikubali, nikaliacha liwe. Mama yako alipenda picha, Kiroboto. Akipita mbele ya kioo cha duka alikuwa anasimama. Ni mimi niliyetanguliza wateja siku zote.

Mkaza-mjomba wako hakujua mpaka jana. Leo chakula nimejipakulia mwenyewe.

Yule dada umemdanganya juzijuzi tu, na anuani yake unayo. Mimi nimechelewa miaka ishirini na mbili. Mwandikie.

Mjomba wako

*

30 Julai

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Wiki sita zimepita sijapata barua. Nimekwenda posta mara nyingi mpaka yule wa dirishani ananitikisia kichwa nikiwa bado nje.

Sikuulizi umeamua nini kuhusu mimi. Nataka kujua tu kama unakula na kama betri zinajaa. Hapa tumo. Mkaza-mjomba ameanza kunipakulia chakula tena, ila yeye anakwenda kulia jikoni.

Kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie yeye. Atanisomea au hatanisomea, ni juu yake.

Mjomba wako

*

19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza-mjomba namwamkia sana.

Barua yako ya Juni niliisoma nimesimama kwenye foleni ya maji. Niliikunja, nikaenda kupiga picha watu mia mbili na sitini bila kumwangalia hata mmoja. Nilikuwa na hasira na wewe kiasi kwamba nilitamani simu zishike. Miaka yote nimekuwa nikijieleza kwa watu kwamba mimi pia sipendi kupigwa picha, nimerithi kwa mama. Nilijivunia. Sasa sijui hata hiyo ya kwangu ni yangu au niliiga uongo.

Ndiyo sababu sikukuandikia. Kwa yule dada niliandika siku ileile. Nilimwambia nilimwona mdogo wake, nilimrudisha, na nilimdanganya. Dereva akaipeleka. Siku kumi baadaye akashuka kwenye lori na kifurushi chake. Nilikuwa nimejipangia maneno. Hakuniacha niyatoe.

"Usiniombe msamaha saa hizi," akasema. "Una picha yake?"

"Sina."

"Basi mimi ninayo kichwani. Panda gari."

Karani aliniruhusu wiki mbili, na akaongeza kwa sauti ya chini kwamba yeye naye alinyamaza siku ile, kwa hiyo atanishikia kazi kwa simu yake. Nilichukua betri tatu zilizojaa, nikazifunga kitambaa kifuani. Tulikwenda kambi ya nne, ya saba, ya tisa. Kila mahali nilianza kumweleza karani wa pale: mwembamba, bega limeshuka, na dada alikuwa ananikatiza. "Muulize kama kuna mtu anashona magodoro. Yule hawezi kuona gunia tupu akaliacha."

Njiani hakuwa akizungumza nami. Siku ya sita alinikuta nahangaika na chaja kwenye gari la watu, mwenye gari anataka kuondoka na betri imejaa nusu tu. Akamwambia yule mtu, "Subiri kidogo, mwanangu anamalizia." Halafu akageuka kuangalia nje, kana kwamba hajasema kitu.

Kambi ya tisa muuguzi alituonyesha hema la wagonjwa. Kulikuwa na magodoro ya magunia, yamejazwa nyasi kavu. Dada aliinama kwenye la kwanza, akapitisha kidole ukingoni. Mishono miwili mirefu, mmoja mfupi, miwili mirefu, mmoja mfupi. Akasema, "Huu ni mkono wa nyumbani kwetu." Akaketi chini kando ya godoro, kidole bado kiko kwenye mshono.

Mdogo wake alikuwa nyuma ya hema, na sindano mdomoni. Aliitoa, akaichoma kwenye kifua cha gauni lake taratibu isije ikampotea, ndipo akaja. Sitakueleza walivyoshikana. Nilisimama pembeni na kamera imening'inia, sikuinyanyua.

Baadaye akanitazama. "Wewe ndiye uliyeniambia kesho."

"Ndiyo, mama."

"Nilikaa mpaka saa sita."

"Nimeambiwa. Betri niliimaliza kwa mambo yangu. Halafu dada yako alipokuja nikamwambia sijakuona."

Akafikiri. Akasema, "Ameniambia. Mambo yako yalikuwa nini?"

"Ndege."

Akamtazama dada yake, na dada yake akatazama chini, nikaona mabega yao yanatikisika. Walikuwa wanacheka, mjomba. Walicheka mpaka mdogo akalazimika kujishika ubavu. Mimi nilikuwa nalia, na hakuna aliyenibembeleza. Halafu akakaa juu ya gunia, akajifuta uso, akasema, "Haya, nipige sasa. Na yeye awemo." Niliwapiga picha thelathini na nane.

Bado nina hasira nawe, sitaficha. Sijui itakwisha lini. Lakini nimetembea na mtu siku sita akimtafuta ndugu kwa maneno tu, na tukampata. Kwa hiyo nataka hivi: niandikie mama alikuwaje asubuhi ile. Usinipambie na usiniombe msamaha. Kila ulichokiona.

Kiroboto

*

6 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba.

Gauni lilikuwa la kijani, lina vifungo mbele, cha tatu kutoka juu hakikuwepo, amebana kwa pini. Mkaza-mjomba wako anasema lilikuwa la bluu, yeye ndiye aliyemwazima. Tumebishana tangu asubuhi, ndiyo mara ya kwanza tumebishana kwa raha tangu Juni. Kwa hiyo weka rangi zote mbili mpaka uje.

Nywele alikuwa amesuka upande mmoja, wa pili ameuacha, amefunga kitambaa, kwa sababu wewe ulikataa kukaa peke yako wakati anasukwa. Alikuwa amekonda shingo, mifupa hii ya chini ya koo ilionekana. Uso haukukonda. Kope zake zilikuwa nzito, kama zako ukiamka. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya, na alipokuwa akitabasamu aliuziba kwa ncha ya ulimi. Mkono wa kushoto alishika mfuko wa nguo za hospitali. Hakuuweka chini hata alipojiweka tayari kwa picha, akauficha nyuma yake usionekane.

Alisimama palepale kwenye pazia bila kuambiwa. Akakushika kidevu kwa vidole viwili akakigeuza kwangu, akasema, "Tazama pale, mjomba anataka kukuona." Ukatazama. Nami nikasema nilichosema.

Hakukunja uso. Hilo ndilo nimekaa nalo. Alisema haya, akakuinamia sikioni akakunong'oneza kitu, na wewe ukacheka kwa sauti kubwa, mpaka mteja wa nje akachungulia. Sikusikia alichokuambia. Nimejaribu miaka yote, nikiangalia midomo yake kichwani mwangu, sijawahi kukipata.

Mlitoka mkiwa mnacheka. Alikuwa akitembea upande wa barabara, wewe upande wa maduka. Nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka mlipofika kwa muuza vitasa, mkakata kona, halafu nikarudi ndani kuhesabu betri za harusi.

Mjomba wako